Damu ya Pande Mbili

Ukitoka Lunga Lunga kushuka kuelekea Vanga, nchi inalala tambarare. Mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara ng'ambo ya mpaka, unapita hapa na kumwaga matope yake kabla ya kufika baharini. Matope hayo ndiyo yanayolisha mpunga wa Jego. Maji hayo hayo, yakituama baada ya mvua za masika, hulea mbu. Wadigo, Wavumba na Wasegeju wa sehemu hizi wameishi na neema hiyo na balaa hiyo kwa pamoja tangu zama ambazo hazikuandikwa, na malaria ya karne zote hizo imeacha alama ndani ya damu yao.

Kwa watu wengi alama hiyo haina madhara yoyote. Kwa watoto wachache inajitokeza kama maumivu yasiyoeleweka. Mwana aliyekuwa akitembea jana, leo hataki kusimama. Akibebwa mgongoni kwa leso analia, akilazwa chali analia zaidi. Hakuanguka, hana jeraha wala jipu. Ana mwaka mmoja na nusu au miwili, hajajua kusema ni mgongo unaomuuma, hivyo mama hugundua kwa kupapasa: mkono ukifika kiunoni, mtoto anapiga yowe.

Historia ya wazazi wa pwani ya kusini kutafuta jibu la kilio hicho ni ndefu kuliko historia ya hospitali yoyote ya Kwale.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa bibi. Bibi alipasha maji, akachovya kitambaa, akamkanda mtoto kiunoni na mgongoni, kisha akampaka mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Kwake yeye hii ilikuwa baridi imeingia mifupani. Matabibu wa Kiswahili walikuwa na elimu kamili ya jambo hili: maradhi yaligawanywa kwa joto na baridi, kwa ukavu na unyevu, kwa mpango ulioletwa na vitabu vya Waarabu ambao nao waliupokea kutoka kwa Wayunani. Maumivu ya viungo yaliingia katika fungu la baridi yabisi, na dawa yake ilikuwa joto. Bibi hakuwa mbali na ukweli. Tiba ya leo inakubali kwamba kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, kupigwa na baridi, kulowa mvua au kukosa maji ya kutosha mwilini kunaweza kuamsha maumivu makali, na kwamba kumkanda kwa kitu cha uvuguvugu kunampa nafuu. Kusi ikivuma, kati ya Juni na Agosti, si ajabu kilio kikizidi.

Nafuu hiyo isipokuja, maswali yaligeuka. Je, ni nyuni, maradhi ya watoto yanayosemekana kuletwa na ndege apitaye juu na ambayo watoto wachanga walivalishwa hirizi kuyakinga? Je, ni jicho la mtu? Au ni chirwa, hali ya mtoto kudhoofu ambayo jamii za Mijikenda ziliifungamanisha na mzazi kutoka nje ya ndoa? Swali la mwisho lilikuwa zito kuliko yote. Nyuni hana mkosaji, lakini chirwa anaye, na mkosaji huyo anaishi ndani ya nyumba. Mtoto aliyekonda, mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa kwa sababu ya bandama kuvimba, alifanana sana na mtoto wa chirwa kwa macho ya majirani. Ndoa ngapi zilivunjika kwa kosa ambalo halikutendeka, hakuna daftari lililohifadhi.

Mganga wa mburuga aliulizwa ni nani au ni nini kilichomshika mtoto. Mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaiosha kwa maji na marashi, na mtoto akanyweshwa kombe. Wengine walichanja chale palipouma na kusugua dawa nyeusi, wengine waliumika kwa pembe ili kutoa damu mbaya. Kombe halikumdhuru mtoto. Chale na pembe ni habari nyingine: mtoto huyu tayari alikuwa na upungufu wa damu, na kinga yake dhidi ya vimelea ilikuwa dhaifu. Kumtoa damu, au kumfungulia ngozi kwa wembe uliotumika kwa mwingine, kulikuwa kumwongezea hatari pale pale alipotafutiwa nafuu. Hilo halifuti huruma iliyokuwa katika kitendo chenyewe. Mganga, mwalimu na bibi walikuwa wakipigania uhai wa mtoto kwa silaha walizokuwa nazo.

Tiba hizi zilidumu vizazi kwa vizazi kwa sababu moja ambayo mara nyingi husahaulika. Maumivu ya aina hii huja kwa vipindi. Hushika siku tatu, siku tano, pengine wiki, kisha huondoka yenyewe. Dawa yoyote iliyotolewa siku ya nne ilionekana imeponya siku ya sita. Kila mganga alikuwa na watoto wa kuwatolea mfano, na mifano hiyo haikuwa ya uongo, mtoto aliamka kweli na kucheza. Maumivu yalipomrudia baada ya miezi miwili, familia ilidhani ni adui mpya au masharti yaliyovunjwa.

Kulikuwa na jambo jingine la kuwachanganya. Kwa mtoto mdogo sana, mara nyingi kabla hajatimiza miaka miwili, ishara ya kwanza si mgongo. Ni vidole vya mikono na miguu kuvimba na kuuma. Umri huo mifupa midogo ya viganja na nyayo bado imejaa uboho unaotengeneza damu, na hapo ndipo damu hukwama. Mtoto anavyokua, kazi hiyo ya uboho hurudi nyuma kuelekea katikati ya mwili: mbavu, nyonga, pingili za uti wa mgongo. Maumivu nayo huhama. Kwa hiyo mzazi aliyetibu vidole mwaka jana na sasa anatibu mgongo aliamini ana mgonjwa wa maradhi mawili tofauti, na hata daktari asiyeijua historia ya mtoto angeweza kuamini hivyo.

Dawa ya kizungu ilipofika kwa wingi pwani ya kusini, haikuleta jibu mara moja. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilieneza sindano za bismuthi dhidi ya buba, na watu walizipenda kwa sababu vidonda vilikauka mbele ya macho yao. Buba nayo huvimbisha vidole vya watoto na kuumiza mifupa. Ni rahisi kuona jinsi mtoto aliyevimba vidole kwa sababu nyingine kabisa alivyoweza kupangwa foleni moja na wa buba, akadungwa, akapona baada ya siku chache kama ambavyo angepona bila sindano. Vivyo hivyo na safura, minyoo inayonyonya damu, iliyowasumbua sana watu wa pwani: mtoto mweupe wa viganja na midomo alihesabiwa kuwa wa safura. Weupe ulikuwa kweli, chanzo ndicho kilichopotea.

Wakati huo jibu lilikuwa limeanza kuonekana mbali na Jego. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za kijana kutoka Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, aliyekuwa na chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu badala ya duara. Kiswahili baadaye kikapata neno lake, selimundu, ingawa hospitalini Kenya wengi husema sikoseli. Katikati ya miaka ya 1920 R. G. Archibald alieleza mgonjwa wa namna hiyo nchini Sudan. Nchini Uganda, Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago aliandika juu ya ugonjwa huo mwaka 1945 na kuusisitiza mbele ya madaktari wenzake.

Madaktari wa enzi hizo walikabiliwa na fumbo. Walipopima damu ya watu wazima Afrika Mashariki, walikuta chembe za mundu kwa wingi, lakini wagonjwa wenyewe walikuwa adimu. Baadhi yao walihitimisha kwamba Mwafrika huubeba ugonjwa huu bila kuugua. Ukweli ulikuwa wa kuumiza. Wagonjwa hawakuonekana kwa sababu walikufa wadogo, nyumbani, kabla ya mtu yeyote kuwapima. Kazi iliyofanywa na Trowell, Alan Raper na Hermann Lehmann nchini Uganda, na ya mume na mke Lambotte-Legrand mjini Léopoldville, Kongo, ilionyesha hivyo polepole. Watoto hao walikuwepo siku zote. Kwao waliitwa wa nyuni, wa chirwa, wa baridi.

Mwaka 1949 mambo matatu yalitokea kwa pamoja. James Neel huko Marekani na E. A. Beet, daktari aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, walionyesha kila mmoja kivyake kwamba mtoto mgonjwa hupokea kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili. Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini yenyewe ya mgonjwa ina tofauti. Na kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Bonde la Ufa nchini Kenya, alirudi nyumbani na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akazunguka akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona mpangilio ambao haukutarajiwa. Kwenye nyanda za juu zenye baridi alama ya mundu ilikuwa adimu mno. Karibu na Ziwa Viktoria na kwenye pwani, watu wengi walikuwa nayo. Penye mbu, pana mundu.

Allison alirudi mwaka 1953 kuthibitisha. Karibu na Kampala alipima watoto 290: kati ya 43 wenye alama ya mundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria, na kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo. Kisha akafanya jambo ambalo kamati yoyote ya maadili leo ingelisimamisha. Aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 Wajaluo mjini Nairobi, 15 wenye alama na 15 wasio nayo. Wenye alama waliopata vimelea ni wawili, wasio nayo ni 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954 na yakawa mojawapo ya mifano mashuhuri zaidi duniani ya jinsi maradhi yanavyochonga urithi wa binadamu. Anayepokea mundu kwa mzazi mmoja anakingwa dhidi ya malaria kali. Anayepokea kwa wazazi wote wawili anaugua, na malaria humuua kwa wepesi zaidi.

Matokeo hayo yalisomwa London na Chicago. Vijiji vya pwani vilivyotajwa kama mfano viliendelea kukanda migongo ya watoto kwa miongo mingine mingi bila mtu kuja kueleza chochote, na hilo ni deni la sayansi kwa pwani hii.

Jambo hilo la urithi lingeelezwa, lingekuta swali lililokuwa tayari linafukuta Udigoni. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa fuko la mamake, na mali ya marehemu ilikwenda kwa wana wa dadake, si kwa wanawe mwenyewe. Uislamu ulipoenea mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, sheria yake ya mirathi iliwapa watoto haki kwa baba yao, na kwa miongo mingi ya utawala wa Kiingereza wajomba, wapwa na wana walishtakiana juu ya mashamba na minazi. Mtoto ni wa nani lilikuwa swali la mahakamani. Mtoto alipougua, swali hilo hilo liliulizwa kwa ukali zaidi: ugonjwa umetoka upande gani?

Mara nyingi jibu lilimwangukia mama. Watafiti waliozungumza na familia za watoto wenye selimundu vijijini Kilifi waliandika mwaka 2011 jinsi wanawake walivyobebeshwa lawama na jinsi ndoa zilivyotikisika kwa ajili hiyo. Maelezo ya damu yanakataa lawama hiyo kwa hesabu iliyo wazi. Mtoto mwenye selimundu hawezi kupatikana mpaka baba na mama wote wawe wamebeba, na kwa kila mimba ya wazazi wa namna hiyo kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Nafasi hiyo haipungui kwa sababu mtoto aliyetangulia alikuwa mzima, wala haiongezeki kwa sababu alikuwa mgonjwa. Mtu anaweza kuoa mke wa pili, akazaa watoto wazima, na kijiji kizima kikasema mke wa kwanza ndiye aliyekuwa na kasoro. Kumbe huenda mke wa pili hakubeba mundu, basi. Mume anao bado.

Kilifi imetajwa kwa sababu ndiko pwani ya Kenya ilipoanza kurudishiwa majibu. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilianzishwa huko mwaka 1989, kusoma malaria hasa, na damu ya watoto ikawaongoza watafiti hadi kwenye mundu. Timu ya Tom Williams ilionyesha mwaka 2009 kwamba watoto wenye selimundu waliolazwa Kilifi walikuwa na uwezekano mara 26 zaidi wa kuwa na bakteria ndani ya damu, na bakteria wa nimonia ndiye aliyeongoza. Huyo anaweza kuzuiwa. Huko Marekani ilikuwa imejulikana tangu 1986 kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto hawa huokoa maisha, na mapema mwaka 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya bakteria huyo.

Kisha ikaja haidroksiurea. Dawa hii ilikuwa ikitumika nchi tajiri kwa miaka mingi, lakini madaktari waliogopa kuwapa watoto wa maeneo ya malaria wakidhani itawashushia kinga. Jaribio lililofanywa Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi, na kuchapishwa mwaka 2019, liliwafuatilia watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi. Kabla ya dawa, vipindi vya maumivu vilikuwa takriban 98 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Baada ya dawa vilishuka hadi takriban 45. Malaria, ambayo iliogopwa kuongezeka, ilishuka kutoka takriban 47 hadi 23, na vifo vilipungua.

Kwa mzazi wa Jego, hata hivyo, dawa ni hatua ya mwisho ya safari. Kwanza lazima mtu alipe jina tatizo. Si kila mgongo wa mtoto unaouma ni selimundu. Kifua kikuu kinaweza kula pingili za uti wa mgongo na kuacha kibiongo, jambo ambalo daktari Mwingereza Percivall Pott alilieleza mwaka 1779 na ambalo pwani ililijua kwa macho tu. Maziwa mabichi huleta homa inayotulia mgongoni. Vimelea vya salmonela huweza kuingia kwenye mfupa, hasa wa mtoto mwenye selimundu, na saratani ya damu nayo huanza kwa maumivu ya mifupa. Mtoto wa miaka miwili hasingizii mgongo kama mtu mzima aliyechoka kwa jembe. Akilia kila akishikwa mahali pamoja, au akiwa na homa juu yake, kuna kitu ndani, na anastahili kupimwa damu siku hiyo hiyo.

Kupimwa kumekuwa kikwazo kwa muda mrefu. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na zaidi ya hapo ni kuvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa. Wengine wa Jego na Vanga huona ni karibu zaidi kuvuka mpaka Horohoro na kufika hospitali ya Bombo mjini Tanga, kama walivyovuka babu zao kufuata waganga wa Tanga na Pemba. Kipimo rahisi cha damu huonyesha kwamba mundu upo, lakini hakitofautishi aliyebeba tu na anayeugua. Kile kinachotenganisha himoglobini kwa umeme kilihitaji mashine za miji mikubwa, na mzazi aliyerudi nyumbani kungoja majibu mara nyingi alirudi pia kwa mganga, kwa kuwa mtoto alikuwa bado analia.

Kuna njia mbili za kufupisha safari hiyo, na zote zinaweza kuanzia kijijini. Ya kwanza ni kabla ya ndoa. Saudi Arabia ililazimisha wachumba wote kupimwa selimundu tangu mwaka 2004, bila kuwakataza kuoana. Wanapewa majibu na kuachiwa uamuzi. Kwa Wadigo na Wavumba, ambao wengi wao ni Waislamu na ambao ndoa za binamu si jambo geni kwao, kadhi na imamu wana nafasi ya kuzungumzia jambo hili ambayo daktari hana. Binamu wana babu na bibi mmoja, na aliyebeba mundu miongoni mwa wazee hao anaweza kuwa amewaachia wajukuu wote wawili.

Ya pili ni mezani pa chanjo. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya kadi vinavyotumia tone la damu ya kisigino na kutoa jibu kwa dakika chache, bila mashine, vikionyesha kama mtoto ni mzima, amebeba tu, au anaugua. Mtoto mchanga bado analindwa na himoglobini aliyotoka nayo tumboni, na maumivu kwa kawaida hayaanzi kabla ya miezi sita. Akipimwa anapoletwa kudungwa sindano ya wiki sita, familia inapata miezi kadhaa ya kujiandaa: penisilini, paludrini ya kuzuia malaria, chandarua, maji mengi ya kunywa, nguo nzito kusi ikianza, na mama aliyefundishwa kupapasa bandama kwa vidole vyake mwenyewe ili ajue imevimba kuliko jana. Siku mgongo utakapouma kwa mara ya kwanza, baba na mama watakuwa wanajua ni nini, na kwamba kimetoka kwao wote wawili.